Mzee Shantilal na Vipuri vya Kivinjari

Niseme mapema kabisa ili tusije tukalaumiana: Mzee Shantilal ninampenda, na Mzee Shantilal huyohuyo amenikera miaka kumi na tisa mfululizo. Yote mawili ni kweli. Anayetaka nichague moja, akaulize duka la jirani.

Naitwa Odeta. Kwetu ni Nansio, kisiwani Ukerewe, lakini riziki yangu iko Mwanza mjini, kwenye duka lenye mlango mwembamba, kati ya muuza vitenge na muuza betri za sola. Juu ya mlango kuna maandishi ya rangi yaliyofifia: cherehani, taipureta, mashine za kuhesabia, vipuri na matengenezo. Fundi ni Mzee Shantilal. Ana miaka sabini na minne, na alizaliwa ghorofani, juu ya duka hilohilo. Mkewe, Mama Jyotsna, hushusha chai saa kumi jioni kwa kikapu chenye kamba kupitia dirishani, maana magoti yake na zile ngazi walishaachana. Mimi ni kila kitu kingine: karani, mfagiaji, mpokea simu, na mtu wa kugombezwa bisibisi ikipotea.

Kompyuta tuliinunua mtumba. Vipuri vya cherehani za zamani huvipati tena kwa kuzunguka madukani, lazima uvitafute mtandaoni, na kazi ya kutafuta ilikuwa yangu. Mzee alikuwa anasimama nyuma yangu ananipumulia shingoni. "Si hiyo. Si hiyo. Hiyo nayo siyo." Kuna siku nilikaribia kumrushia mausi.

Mwezi wa tatu mwaka huu mjukuu wake, Bhumika, akaja likizo kutoka Dar. Akatukuta tumekodolea macho orodha ya vipuri, mistari mia nane na kitu, tunatafuta jina la sindano moja. Mimi nasoma kutoka juu, Mzee anasoma kutoka chini, tukutane katikati. Yule binti alicheka mpaka akakaa.

"Jamani, mnasoma yote?"

"Sasa tufanyeje?" nikamjibu, na sikumjibu vizuri, maana kichwa kilikuwa kinaniuma.

Akavuta kiti. Akafungua mahali fulani kwenye kivinjari, akabonyeza mara mbili tatu, akaandika lile jina la sindano. Ukurasa mzima ukawaka. Kila lilipokuwa lile jina pakawa na rangi ya njano. Yalikuwa manne tu katika mistari yote ile, na sisi tulikuwa tumeshayapita mawili.

Mzee akainama, pua ikakaribia kugusa kioo. "Umefanya nini hapo?"

"Nimeongeza kiendelezi, Babu. Kivinjari kinakuja na kazi zake za kawaida. Ukitaka kazi ya ziada, kuna watu wametengeneza vidude vidogovidogo. Unakichomeka, kinafanya hiyo kazi yake moja."

"Ukikichoka unakichomoa?"

"Unakichomoa."

"Kimoja kikifa, vingine vinaendelea?"

"Vinaendelea."

Mzee akasimama wima, akanigeukia mimi kana kwamba ndimi niliyemficha. "Odeta, mbona hukuniambia? Hivi ni vipuri!"

Kuanzia siku hiyo amani yangu iliisha. Mtu aliyekuwa haigusi kompyuta hata kwa kitambaa cha vumbi, sasa nafika asubuhi namkuta ameshaiwasha, miwani miwili usoni, mmoja juu ya mwingine, anapekua duka la viendelezi. Hiki kinafanya nini? Na hiki? Nani amekitengeneza? Anaishi wapi? Kwa nini anatoa bure, ana shida gani? Swali hilo la mwisho lilimsumbua sana. Amefanya biashara maisha yake yote, mtu anayetoa kitu bure anamtilia shaka kabla hajamsalimia.

Na shaka yake ilitusaidia, hilo nakiri. Mimi kila kinachoniuliza nakubali, nataka kazi iende. Yeye anasoma mpaka nukta ya mwisho. Siku moja niliongeza kiendelezi cha kuonyesha hali ya hewa, kikaomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yote kwenye tovuti zote. Nikawa nimeshapeleka kidole. Mzee akanishika mkono.

"Huyu anataka kuniambia kama mvua itanyesha. Barua zangu anazitakia nini?"

"Mzee, wote wanaomba hivyo."

"Basi wote nitawauliza."

Na kweli akaanza kuwachuja mmoja mmoja. Kabla ya hapo alikuwa na tamaa ya mtoto mbele ya pipi, alirundika viendelezi kumi na saba, kompyuta ikawa inafunguka taratibu hadi unaweza kupika ugali ukala. Kimoja kikawa kinatupeleka kwenye mtambo wa kutafutia ambao hatukuuomba, umejaa picha za watu wanaopunguza vitambi. Nilipandwa na hasira nikasema nakitoa au naondoka mimi. Akakitoa. Akavitoa na vingine, vikabaki vitano, na hivyo vitano akavipa majina yake mwenyewe kwenye daftari.

Cha kwanza ni hicho cha rangi ya njano. Cha pili aliita "mkalimani", kinafasiri ukurasa mzima wa lugha yoyote. Cha tatu "bawabu": ukikiambia tovuti fulani hutaki kuiona, haitokezi tena kwenye majibu. Hapo Mzee alijisikia raha ya ajabu. Zile tovuti zinazodai zina kila kipuri duniani, ukiingia hazina hata skrubu, alikuwa anazifungia nje moja baada ya nyingine. "Muongo huyu. Nje! Na huyu. Nje!" Cha nne kinatafuta kwa picha: unabofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya picha, kinaipeleka kwenye mitambo minne kwa mpigo. Cha tano akakiita "cha makaburini". Hicho kinafungua nakala za kurasa zilizokwisha kufa, kurasa ambazo wenyewe walishazifuta au walishaacha kuzilipia, lakini kuna mahali zilihifadhiwa. Alikipenda hicho kuliko vyote. Saa za mchana wateja wakipungua alikuwa anafungua kurasa za viwanda vya taipureta vilivyofungwa siku nyingi, anaangalia picha za wafanyakazi, ananiita. "Odeta, tazama, hawa wote hawana kazi tena."

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu mpaka Jumatatu ile ya mwezi wa kumi na moja, alipoingia Precious.

Aliingia ameshika mkono wa mama yake, Rose, muuza dagaa wa soko la Mwaloni. Binti mrefu, sare ya shule, fimbo nyeupe kwapani. Haoni tangu mdogo. Rose alikuwa amebeba mashine kichwani kwenye beseni, ameifunga kwa kanga.

"Shikamoo Mzee. Shikamoo Mama," Precious akasema, uso wake umeelekea mahali sahihi kabisa tulipokuwa.

Tukaitika. Rose akafungua kanga. Ilikuwa mashine ya kuandikia nukta nundu, ile ya wasioona, lakini si kama zile za kijivu zinazofanana zote. Hii ilikuwa ya kijani, nzito, ya kizamani, funguo sita na kitufe cha nafasi.

"Haisogei," Precious akaeleza. "Nikibonyeza, nukta zinatoka, lakini kichwa kinabaki palepale. Herufi zinapandana. Na mtihani wa kidato cha nne unaanza Alhamisi ya wiki ijayo."

Nikahesabu. Siku kumi.

"Shuleni hawana nyingine?" nikauliza.

"Zipo, lakini ni chache, tunapokezana. Kwenye mtihani asiye na mashine anakaa na mtu, anamtamkia, yule anaandika."

"Si afadhali hivyo? Huchoki mikono."

Maneno yakanitoka hivyohivyo, mjinga mimi. Binti akatabasamu kidogo, tabasamu la kumvumilia mtu mzima.

"Mama, wewe ukiandika barua, hurudi juu ukasoma ulichosema? Mimi nikimtamkia mtu, sentensi imeshaondoka, siwezi kuirudia kwa vidole. Insha inakuwa yake, si yangu. Na Kiswahili ndicho ninachokitegemea. Nataka ualimu, kama Mwalimu Pius. Mashine hii alinipa yeye alipostaafu."

Mwalimu Pius wa Nansio namfahamu vizuri. Naye haoni, na ndiye aliyemfundisha Precious kusoma akiwa mtoto mdogo. Mashine aliletewa na sista mmoja wa misheni, zamani sana.

Mzee alikuwa mezani tayari. Alishaondoa kifuniko, anamulika ndani. Akatoa kwa koleo kigia kidogo cha shaba chenye meno, au niseme kilichokuwa na meno, maana upande mmoja ulikuwa umelika wote na kipande kimemeguka. Akakiweka kiganjani, akakitazama muda mrefu.

"Hii si ya kiwandani," akasema kwa sauti ndogo. "Hii niliichonga mimi."

Hapo na mimi nikakumbuka. Mwaka wangu wa nne dukani, Mwalimu Pius alikuja na feri, mashine imekwama. Mzee hakuwa na gia yake, akachukua ya mashine ya kuhesabia, akaipunguza, akaipachika. Ilifanya kazi miaka yote hiyo, lakini haikuwa saizi yake, ikawa inajila polepole. Kwa hiyo kuipima hiyo kungekuwa bure kabisa. Tulihitaji vipimo vya gia ya asili, na jina la mashine hatukulijua.

"Tutafute," Mzee akasema, na macho yakawaka kama kawaida yake.

Nikaipiga mashine picha kwa simu, nikaiingiza kwenye kompyuta, nikabofya kitufe cha kulia. Mitambo minne ikajibu. Wa kwanza akasema ni mashine ya kukatia mkate. Wa pili akasema kinanda. Wa tatu akaleta mashine za kijivu mia mbili. Rose akaguna. Mzee akasema, "Shuka, shuka," nami nikashuka, na mtambo wa nne huko chini kabisa ukawa na kapicha kamoja: kijani, funguo sita, kichwa kilekile.

"Ndiyo yenyewe!" nikapiga kelele hadi muuza vitenge akachungulia.

Nikabofya. Ukurasa haupo. Maandishi meupe, hakuna kitu. Nilijisikia kulia, kusema kweli.

"Lete cha makaburini," Mzee akasema.

Kikafungua nakala ya zaidi ya miaka kumi iliyopita. Ukurasa wa Mjerumani mmoja aliyekuwa anakusanya mashine za wasioona, kaandika mambo marefu kwa lugha yake. Tukamwita mkalimani. Akatuletea Kiswahili cha kuchekesha, "mwandishi wa vipofu hula karatasi kwa mdomo wa mbele", Precious akaangua kicheko na mama yake naye, na kwa mara ya kwanza mle dukani watu wakapumua. Kisha nikaandika neno "meno" kwenye kile kiendelezi cha njano. Ukurasa ukawaka sehemu tatu, zote pamoja, kwenye jedwali moja. Gia! Idadi ya meno, upana, ukubwa wa shimo, mchoro wake pembeni, kila kitu.

Rose akapiga kigelegele kimoja kifupi.

"Subirini," Mzee akasema. Alikuwa anasoma mstari wa chini ya jedwali. "Ziko aina tatu. Kwa nje zinafanana. Aina K, meno ishirini na moja. L, ishirini na matatu. M, ishirini na matano. Unatofautisha kwa herufi iliyo mwanzo wa namba, kwenye kibati chini ya mashine."

Kisha akavua miwani yake yote miwili. Sikumwelewa. Mimi nilikuwa nimeshakamata mashine naipindua, nina furaha zangu. Kibati kilikuwepo. Hakikuwa na herufi wala namba, kilikuwa laini kinang'aa, na kwa pembeni unaona michirizi ya tupa.

Precious akapeleka kidole. "Hapa pamekwanguliwa," akasema.

Naomba nieleze jambo hili, na nalieleza kwa aibu. Mzee Shantilal alikuwa na desturi yake. Kila mashine iliyopanda mezani kwake aliikwangua namba. Zamani kulikuwa na mafundi wengine mjini, walikuwa wanasoma namba kwenye mashine alizotengeneza yeye, wanaagiza kipuri wenyewe, wanamnyang'anya mteja. Basi akaanza kuzifuta. Mashine isiyo na namba haina pengine pa kwenda, itarudi kwake tu. Wale mafundi walikufa, wengine wakahama, yeye akaendelea kukwangua kwa mazoea, kama mtu anavyofunga mlango akitoka. Na mimi nilijua. Vumbi la shaba nimelifagia mwenyewe miaka yote hiyo, sikuwahi kuuliza linamuumiza nani.

"Namba imefutika," Mzee akasema. "Mashine ni ya zamani."

Hapo damu ikanipanda. Ningenyamaza, ningekuwa nimeikwangua mimi.

"Haikufutika yenyewe, Mzee. Waambie."

Akanitazama. Nikamtazama. Mtu ambaye ananilisha, ambaye alinilipia matibabu mwanangu alipolazwa, nikamtolea macho mbele ya wateja.

"Niliifuta mimi," akasema hatimaye. "Ili asiipeleke kwingine."

Rose hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alianza tu kuikunja kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. "Mwanangu anaamka saa kumi usiku kusoma," akasema. "Saa kumi, Mzee."

Nikampigia simu Chenge, fundi wetu wa kukereza vyuma, labda atuchongee zote tatu tujaribu. Chenge akasema ana kazi za watu wa boti zimejaa mpaka mlangoni. Moja anaweza kuipenyeza, siku nne. Tatu, labda baada ya Krismasi. Tulipaswa kuchagua moja, na hatukuwa na cha kuchagulia.

Tukahangaika. Mzee akarudi kwenye kompyuta, akafungua kurasa nyingine za yule Mjerumani, akatafuta mwaka, rangi, umbo la miguu ya mashine, chochote. Vidole vyake vilikuwa vinakosea funguo. Viendelezi vyote vitano vilifanya kazi yao siku ile, sina lawama navyo. Vilitafuta kila kilichoandikwa popote. Sasa sisi tulikuwa tunatafuta kitu ambacho mtu alikifuta mwenyewe, kwa mkono wake, mezani pale.

"Tumpigie Mwalimu," Precious akasema.

"Mwanangu," Mzee akajibu, "Mwalimu haoni. Atajuaje namba?"

"Mimi naona, Mzee? Nimejuaje kama pamekwanguliwa?"

Precious akatoa simu yake, akaiambia impigie Mwalimu Pius, akaiweka kwenye spika juu ya kaunta.

"Precious, mwanangu!" Sauti ya mzee mchangamfu, kuku wanalia nyuma yake. "Kitabu kinasomeka?"

"Kinasomeka, Mwalimu, shikamoo. Mashine imeharibika. Niko mjini, dukani kwa Mzee Shantilal. Wanahitaji namba iliyokuwa chini yake."

Hapohapo Mwalimu Pius akasema, bila kutafuta, kama mtu anayetaja jina la mwanawe:

"L. Nne, sifuri, saba, mbili. Ilikuwa imegongwa ikazama ndani ya chuma. Nilikuwa naipitia kwa kidole kila asubuhi kabla ya kipindi."

Nikaandika L kubwa kwenye karatasi, nikaizungushia mara tatu. Rose akakaa chini sakafuni, akaanza kulia sasa, wakati mambo yamenyooka. Mimi nilikuwa nataka kumkumbatia mtu, yeyote. Lakini Mzee Shantilal alikuwa amesogea karibu na simu, ameinama kama alivyoinama siku ya kiendelezi cha kwanza.

"Mwalimu, ni Shantilal hapa. Habari za siku."

"Nzuri, Mzee. Pole na kazi."

"Hiyo namba niliikwangua mimi."

"Najua."

"Umejua leo?"

"Nilijua siku ileile. Feri ilikuwa haijang'oa nanga. Niliipakata mashine, nikapitisha kidole kama kawaida yangu, nikakuta pamelainika."

"Mbona hukurudi? Bandari si mbali. Ungekuja ukanitukana."

"Nilisimama nije," Mwalimu akasema, bado kwa ule uchangamfu wake. "Halafu nikakaa. Nikafikiri, nikigombana naye, ikiharibika tena nitaipeleka kwa nani? Mjini kote ulikuwa wewe tu. Nina watoto kumi na wawili darasani na mashine moja. Nikanyamaza. Yale machungwa nayo, niliona nikutumie, usije ukanisahau."

Machungwa. Kila mwaka, msimu ukifika, feri ya Nansio ilikuwa inatuletea kiroba kizima cha machungwa ya Ukerewe kutoka kwa Mwalimu Pius. Tulikuwa tunayala hapo kaunta, mimi, Mzee na Mama Jyotsna, na Mzee anasema, "Mwalimu yule ana shukrani sana." Kumbe mwenzetu alikuwa anaogopa. Miaka kumi na mitano mtu mzima ananunua machungwa kwa sababu anaogopa, na sisi tunatema mbegu.

Mzee alirudi nyuma, akajiegemeza kwenye meza yake. Mwishowe Precious akamuaga Mwalimu kwa heshima zote, akazima simu, akairudisha mfukoni.

Chenge aliileta gia Ijumaa jioni, inang'aa, meno ishirini na matatu. Jumamosi asubuhi Precious na mama yake walikuwa mlangoni kabla sijafungua kufuli. Mzee akawaambia kama alivyowaambia wateja wote tangu enzi: waiache, warudi Jumatatu, fundi hapendi kutazamwa.

"Hapana, Mzee," Precious akasema. Hakuwa na ukali wowote. "Nitakaa hapa. Mkono wangu utakuwa juu ya mashine. Na naomba uniambie kila unachokifanya."

Mimi nikajua sasa kumekucha. Katika maisha yake fundi huyu hajawahi kumruhusu mtu, hata mimi, kusogelea meza akiwa kazini. Akamtazama yule binti. Akavuta kiti cha pili, akakiweka karibu na chake, akamwongoza mkono mpaka ukagusa chuma.

"Nafungua skrubu ya kushoto," akasema. "Ziko nne. Hii ya pili. Ya tatu imeshika kidogo, natia mafuta. Sasa nainua kifuniko, toa kidole. Rudisha. Hapo unapogusa ndipo gia inapokaa. Hiki ni kispringi, kinairudisha. Gia mpya hii hapa, shika. Hesabu meno."

Precious akahesabu. "Ishirini na matatu."

"Naipachika. Upande wenye kidoti unatazama kwako, ukiigeuza haitasogea. Sasa narudisha kispringi. Nafunga."

Alisema kila kitu, saa nzima, kwa sauti iliyoanza imekauka ikaishia ya kawaida. Ile tupa ilikuwa kwenye ndoano yake ukutani, hakuigusa. Precious akaingiza karatasi, akabonyeza, kichwa kikasogea, akabonyeza tena, kikasogea. Akaandika mistari mitatu kwa kasi ya mvua juu ya bati, akarudi juu, akaisoma yote kwa vidole taratibu. Rose alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Imepona," binti akasema. Kisha akageuza uso upande wa Mzee. "Na siku ambayo wewe hupo?"

Mzee aliweka bisibisi chini.

"Nenda kwa Chenge, nyuma ya soko kuu, mlango wa bluu. Kama naye hayupo, fundi yeyote wa kukereza. Mwambie gia ya shaba, meno ishirini na matatu, upana milimita sita, shimo milimita nne. Mashine ni aina L. Ukiwa na maneno hayo hunihitaji mimi."

Miaka kumi na tisa nimefanya kazi na mtu huyu, sijawahi kumsikia akimwambia mteja maneno hayo. Precious akamwomba arudie polepole. Akarudia, neno moja moja, na binti akayaandika kwa mashine yake.